Siku nzima ya poka Las Vegas: soma bei kabla hujakaa

Watu wa nyumbani wakisikia nimeenda Las Vegas wanauliza swali moja tu, umekula au umeliwa? Nikisema nimeliwa wananipa pole, nikisema nimekula wanataka niwatumie. Hakuna anayeuliza ile siku yenyewe ilikuwa bei gani, na mimi kwa miaka niliyocheza poka kwa kujifurahisha nimeona hilo ndo swali lenyewe, maana kula au kuliwa kwa siku moja ni karata zimeangukaje, lakini bei ipo imeandikwa wazi mbele ya macho yako kabla hujatoa hata senti, ni watu tu hawaisomi.

Naishi Phoenix, Arizona, naendesha malori. Mara chache kwa mwaka nikipata mapumziko nachukua gari kwenda Vegas, ni kama kilomita 480, unapita Kingman halafu unavuka lile daraja la juu pale kwenye bwawa la Hoover, ukishavuka upo Nevada, jimbo lililohalalisha kamari mwaka 1931. Kabla sijawasha gari hela ya mama imeshatumwa Tanga, kodi ya nyumba imeshalipwa, na hela ya kuchezea ipo kwenye bahasha yake peke yake. Kadi ya benki inabaki kwenye sefu ya chumbani. Hapo sina mjadala na mtu, kama unajijua huwezi kuiacha kadi chumbani basi usiende kabisa, nimeona watu wazima wenye kazi zao nzuri wamepanga foleni ATM saa nane usiku, nyuso zimebadilika, na zile ATM za ndani ya kasino zinakata ada kubwa kila ukitoa hela, yaani unalipia hata kule kuchota hela ya kuliwa.

Safari hii nilienda na jamaa yangu mmoja wa Mombasa, mtu wa hesabu za stoo, makini sana, ila kasino alikuwa hajawahi kukaa siku nzima. Nikamwambia leo tunacheza mashindano mawili ya poka, moja saa tano asubuhi na lingine saa moja jioni, katikati tunakaa kwenye video poka, basi.

Sasa tonamenti ya poka, kwa wasiojua, sio ile ya kukaa na hela yako mezani. Unalipa kiingilio mara moja, unapewa chipu za kuchezea ambazo haziwezi kubadilishwa kuwa hela, mnacheza mpaka wamebaki wachache, hao wachache ndo wanagawana mfuko wa zawadi. Kila baada ya muda blaindi zinapanda, blaindi ni zile chipu za lazima wachezaji wawili wanazoweka kabla karata hazijagawiwa, kwa hiyo ukikaa unasubiri karata nzuri tu utakwisha mwenyewe bila mtu kukugusa. Kabla ya kulipa mi huwa naomba karatasi ya muundo, kila chumba cha poka kinayo, na ukiomba wanakupa bila neno. Ile ya asubuhi ilikuwa hivi: kiingilio dola 120, kati ya hizo dola 90 zinaenda kwenye mfuko wa zawadi na 30 zinabaki kwa nyumba, yaani kasino, na wafanyakazi, chipu 20,000, blaindi zinaanza 100 na 200, na kila dakika 20 zinapanda.

Jamaa yangu akashtuka, robo nzima inakatwa kabla hatujaanza? Ndio, robo nzima. Kwenye mashindano makubwa makato kwa asilimia ni madogo zaidi, hizi za kila siku za viingilio vidogo ndo zinakatwa sana kwa sababu mgawaji karata ni yule yule, meza ni ile ile, taa zile zile. Kwa hiyo nilimwambia aandike kwenye simu yake: bei ya asubuhi, dola 30. Hizo 90 zingine sio bei, hizo ni hela ya ushindani kati yetu sisi wachezaji, zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi.

Karatasi ina kitu cha pili ambacho wengi hawakitazami, nacho ni muda. Piga hesabu hivi, wakiingia watu 40, chipu zote chumbani ni 800,000, hazizidi hapo. Blaindi zikifika 10,000 na 20,000, ukigawa kwa ile kubwa ya 20,000 unapata chumba kizima kina blaindi kubwa 40 tu, wakiwa wamebaki watu watano ni blaindi nane kwa kila mtu, hapo hakuna tena mchezo wa akili nyingi, ni kusukuma chipu zote au kutupa karata. Na kwa dakika 20 kila ngazi unafika hapo ndani ya saa nne na kidogo. Kwa hiyo kabla hata sijakaa najua itaisha saa ngapi, na najua zile ngazi za mwanzo ndo nafasi pekee ya kucheza poka yenyewe, anayechelewa kuingia anakatwa makato yale yale ila mchezo anaupata pungufu.

Asubuhi ile ilienda haraka. Nilicheza vizuri, nilitupa karata nyingi, kama saa saba na nusu nikawa nimebaki na blaindi tisa, nikapata pea ya nane nikasukuma zote, mama mmoja wa makamo akafuata na esi na kingi. Hapo kihesabu mi nipo mbele kidogo, kama 55 kwa 45. Kingi ikatoka kwenye karata tatu za kwanza zinazowekwa katikati ya meza kwa wote, nikapeana naye mkono, nikaondoka. Jamaa yangu alinihurumia sana akawa anasema ningesubiri, nikamwambia nisubiri nini, ukiwa na blaindi tisa pea ya nane ndo karata uliyokuwa unaisubiri. Kitu ambacho poka imenipa kuliko kitu kingine chochote ni kutenganisha uamuzi na matokeo, unaweza kufanya sawa ukapoteza, mwingine akafanya ovyo akapata, na ukianza kubadilisha uamuzi sahihi kwa sababu mara moja umeumia basi unalipa zaidi ya ile bei iliyoandikwa.

Tukala, tukaenda kwenye mashine. Hapa ndo naomba nikae kidogo maana hapa watu wanaumia bila kujua.

Video poka inafanana kwa nje na zile mashine za kuzungusha matunda lakini ndani ni kitu tofauti kabisa. Inakugawia karata tano, unachagua za kushika, zingine zinabadilishwa mara moja, basi, unalipwa kwa mkono uliopata, yaani zile karata tano ulizobaki nazo. Zilianza kushika soko mwishoni mwa miaka ya 1970, na sheria za Nevada zinataka mashine inayoonyesha karata igawe kwa nasibu kama pakiti halisi ya karata 52. Maana ya hilo ni kwamba hesabu inapigika. Mashine ya matunda huwezi kujua inarudisha asilimia ngapi kwa kuitazama, ila video poka ukitazama jedwali la malipo juu ya skrini umeshajua kila kitu.

Mchezo wa kawaida ni ule unaoanza kulipa kwenye pea ya jeki. Tazama mistari miwili tu, fulu hausi (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine) na flashi (tano zote za aina moja, mfano kopa tupu). Ikiwa kwa sarafu moja fulu hausi inalipa 9 na flashi inalipa 6, ukicheza bila kosa inarudisha asilimia 99.54. Ikiwa ni 8 na 5, asilimia 97.30. Ikiwa ni 6 na 5, asilimia 95. Mashine ni zile zile, rangi zile zile, kiti kile kile. Sasa chukua mashine ya robo dola, unacheza sarafu tano kila mkono, yaani dola 1.25, na mtu wa kawaida asiye na haraka anacheza kama mikono 400 kwa saa, hapo umepitisha dola 500 kila saa. Kwenye ile nzuri bei yako ni kama dola 2.30 kwa saa. Kwenye 8 na 5 ni dola 13.50. Kwenye 6 na 5 ni dola 25 kwa saa. Kukaa kiti kimoja badala ya kingine kunakugharimu mara kumi zaidi na hakuna atakayekuja kukwambia.

Tulizunguka karibu nusu saa. Kwenye baa moja ya hoteli kubwa pale Strip, ile barabara ya kasino kubwa za watalii, kila mashine ilikuwa 6 na 5, viti vimejaa, watu wana furaha, vinywaji vinaletwa bure. Jamaa yangu akataka kukaa, akasema bia ya bure, nikamwambia hiyo bia ni ya dola 25 kwa saa. Tukachukua gari tukaenda mbali na Strip, kwenye kasino wanazoenda wenyeji, huko ndo mara nyingi unapata majedwali mazuri kwa sababu mwenyeji anarudi kila wiki na anajua kusoma. Tukapata 9 na 6, zimejipanga nne ukutani, hakuna hata mtu amekaa.

Sarafu tano, usicheze pungufu. Royali flashi, yaani kumi, jeki, kwini, kingi na esi za aina moja, ukicheza sarafu moja inalipa 250, lakini ukicheza tano inalipa 4,000, sio 1,250. Kama dola 1.25 kwa mkono ni nyingi kwako, tafuta mashine ya senti tano, kuliko kucheza sarafu moja kwenye ya robo dola. Halafu ujue royali inakuja kwa wastani mara moja kwenye mikono kama 40,000, kwa mwendo wetu ni kama saa 100 za kukaa, na karibu asilimia 2 ya yale marejesho yote imefungiwa humo. Kwa hiyo siku ambayo royali haijaja, na siku nyingi haiji, utaliwa kwa wastani kama dola 12 kwa saa, sio zile 2.30. Hilo likijulikana mapema mtu hachanganyikiwi.

Mengine unayajifunza taratibu, kuna vikadi vya mkakati vinauzwa mpaka kwenye maduka ya zawadi ya kasino na unaruhusiwa kukiweka hapo mezani ukisome. Pea ndogo, yaani ya chini ya jeki, na karata nne zinazofuatana za streti (streti ni karata tano mfululizo), shika pea, isipokuwa hizo nne zikiwa kumi, jeki, kwini na kingi. Pea ndogo na karata nne za flashi, shika flashi. Usishike esi pembeni ya pea eti inaleta bahati, inakunyang'anya nafasi. Jamaa wa Mombasa kwa sababu ni mtu wa hesabu aliingia haraka kuliko nilivyotegemea, ila kitu kimoja kilimshinda, kila akikosa mara nyingi anasema mashine imeshiba sasa inakaribia kutapika. Nilimweleza mara kwa mara, karata zinachangwa upya kila mkono, mashine haina kumbukumbu ya ulivyoliwa, wala kadi ya uanachama ukiichomeka haibadilishi kitu, ile inahesabu tu unavyocheza ili wakupe pointi kidogo za chakula au chumba.

Kisha ukanijia mkono ambao mpaka leo tunabishana. Kumi, jeki, kwini, kingi, zote za kopa, na ya tano ni nne ya kopa. Hiyo ni flashi tayari, sarafu 30, dola saba na nusu ipo mkononi. Mi nikaitupa ile nne. Jamaa yangu akashika kichwa, akasema we mtu umelogwa! Lakini hesabu iko hivi: karata zilizobaki ni 47. Moja ni esi ya kopa, royali, sarafu 4,000. Moja ni tisa ya kopa, streti flashi (tano mfululizo za aina moja), 250. Kopa zingine sita zinanirudishia flashi, sita za aina nyingine zinanipa streti, tisa zinanipa pea ya jeki kwenda juu. Jumlisha yote ugawe kwa 47 unapata wastani wa karibu sarafu 98. Thelathini za uhakika dhidi ya 98 za wastani. Nikabonyeza, ikaja tatu ya shupaza, sifuri. Kesho zikija tena karata zile zile naitupa nne tena bila kufikiria, na nilimwambia hivyo hivyo pale pale wakati ile tatu bado ipo kwenye skrini.

Tulikaa saa tatu hivi. Niliondoka nimeliwa dola 65 na nikatoa dola 8 za ahsante kwa mhudumu wa vinywaji, bei ya kihesabu ilikuwa kama dola 7. Hakuna cha ajabu hapo, kwa mikono 1,200 kupishana dola 65, hata zaidi ya 100, ni kawaida kabisa. Jamaa alitaka tukae tukomboe. Nikamwambia neno kukomboa tuliache, tonamenti ya jioni inaanza na ina bei yake, hii ya mashine tumeshalipa.

Jioni muundo ulikuwa ule ule, kiingilio 120, wakaingia watu 40, mfuko wa zawadi dola 3,600, wanalipwa watano. Meza yangu ilikuwa na watu wazuri, mzee mmoja mstaafu akawa anasimulia habari za Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyeingia kwa tonamenti ndogo ya mtandaoni ya dola 86 akaishia kuchukua ubingwa wa dunia 2003 na dola milioni 2.5. Ile hadithi ilijaza vyumba vya poka dunia nzima na naipenda kwa dhati, lakini ukiisikiliza vizuri yule jamaa kiingilio chake kilikuwa kidogo na hakuongeza hela juu yake.

Tukabaki sita, wanalipwa watano. Hapo ndo tonamenti inageuka kabisa. Blaindi 6,000 na 12,000, mi nina chipu 130,000, kuna kijana amebaki na 14,000 tu na mkono unaofuata blaindi kubwa ni yake pamoja na anti, yaani chipu nyingine za lazima juu ya blaindi, kwa hiyo atalazimika kuweka zote hata asipotazama karata. Mwenye chipu nyingi kuliko wote akasukuma zote mbele yangu. Nikatazama, esi na jeki. Siku nyingine yoyote nafuata, hapa nikatupa, maana nikifuata nikapoteza natoka bila kitu dakika mbili kabla ya kijana kutoka, na chipu nitakazoongeza nikishinda haziniongezei thamani sawa na ile nitakayopoteza nikitoka. Chipu sio hela. Mkono uliofuata kijana akatoka, wote watano tukawa tumeshaingia kwenye malipo, mgawaji akatangaza, watu wakapumua.

Mmoja akapendekeza tugawane sawa kwa sawa, mi nilikubali, mwenye chipu nyingi akakataa, ni haki yake. Akatoka mmoja, tukabaki wanne, nikapata pea ya kingi, nikasukuma, yule yule mwenye chipu nyingi akafuata na esi na kwini. Hapo mi nashinda mara saba kati ya kumi. Esi ikatoka karata ya mwisho kabisa. Nafasi ya nne, dola 396, nikawaachia wagawaji 20.

Tulipokaa kula usiku jamaa wa Mombasa akatoa simu, tukafunga hesabu. Asubuhi kutoa 120, mashine kutoa 73, jioni ingiza 256 baada ya kiingilio na ahsante. Kwa karata tu nimebaki na dola 63 juu, mafuta na chumba havimo humo. Halafu safu ya pili aliyoianza asubuhi, ya bei: makato 30 na 30, mashine 7, ahsante 28, jumla dola 95. Akakaa akaitazama ile safu ya pili muda mrefu, akasema kwa hiyo hata kama ungeshinda elfu moja leo, siku ilikuwa ya dola 95. Ndio bwana. Dola 95 kwa siku nzima ya mchezo ninaoupenda, kwangu mi ni bei ninayoweza kuilipa mara chache kwa mwaka, kila wiki siwezi, na hilo nalijua kwa sababu nimeiandika.

Wakati tunakula mdogo wangu wa Tanga akaingia WhatsApp, kwao ilikuwa karibu saa nne asubuhi. Kaka umekula? Halafu chini yake akanitumia mkeka wake wa wikiendi, mechi kumi, zote odi 1.90, magoli zaidi ya mawili na nusu, shilingi 10,000, ushindi milioni sita na kitu. Nikamuuliza, mkeka huu ni bei gani? Akajibu elfu kumi. Nikamwambia hapana, hicho ni kiingilio, hebu tupige bei.

Kama upande mmoja ni 1.90 na upande wa pili ni 1.90, maana yake ni kitu cha nusu kwa nusu ambacho kwa haki kingelipa 2.00. Kwa mechi moja unarudishiwa kwa wastani asilimia 95, sio mbaya sana. Lakini kwenye mkeka ile 95 inajizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi, inabaki kama 60. Nafasi ya kupatia zote kumi ni moja kati ya 1,024, kwa haki elfu kumi ilitakiwa ilipe milioni 10.24, wanakulipa milioni 6.1. Bei ya mkeka ni shilingi 4,000 kati ya 10,000, kila ukiuweka. Hata ile baa ya 6 na 5 inakata 500 kati ya 10,000.

Akakaa kimya kama dakika tano. Halafu akauliza, na mechi zenye odi tatu, nyumbani, sare, ugenini, zinapigwaje? Nikamwambia gawa mia kwa kila odi, jumlisha zote tatu, inayozidi mia ndo yao. Akachukua mechi moja, 2.10, 3.30 na 3.40, akapiga kwa kikokotoo cha simu, akarudi na 107. Akaniuliza kama kuna kampuni inaweza kuwa na 103 kwa mechi hiyo hiyo. Nikamwambia fungua kampuni zote unazozijua uzipige moja moja leo kabla ya mechi kuanza, halafu unitumie orodha niione.